«Papa delege, niko na ka neno»: vijana wetu wa Kolwezi na mawazo yenye hawaseme

Alikuja kuniona mara tatu.

Mara ya kwanza ilikuwa saa ya kubadilisha timu, pale wamoja wanashuka mu bisi na wengine wanapanda. Akasema: «Papa delege, niko na ka neno.» Nilifikiri ni mambo ya salere, juu vijana wa miaka yake wakinitafuta, karibu kila mara ni salere. Nikamwambia: «Mwana, leta karatasi ya malipo kesho, tutaangalia.» Mara ya pili akaleta karatasi. Niliisoma, nikaona masaa ine ya nyongeza yenye haikuhesabiwa, nikaandika mu kaye yangu, nikamurudishia. Akabakia amesimama. Nikamuuliza: «Kuko kingine?» Akajibu: «Hapana, papa. Ni ile tu.» Mara ya tatu nilikuwa nakimbia kwenda ku reunio. Nilimupungia mukono, nikapita.

Kisha siku kumi na moja, mama yake alinipigia simu usiku. Kijana alikuwa amejaribu kujiua. Mudogo wake alirudia nyumbani mbele ya saa yake, akamukuta, majirani wakamubeba ku lopitali. Alipona.

Leo ni muzima na anatumika. Ameitika niandike hii habari bila jina yake. Aliniomba paka kitu kimoja: «Andika, papa, lakini usiandike kama nilikuwa kichaa. Andika kama nilikuwa nimechoka.»

Mimi ni mutu wa sendika tangu miaka mingi. Sikufika ku iniversite, nilimaliza sekondari. Lakini najua kusoma kontra, najua kuhesabu masaa, najua kubishana na mukubwa wa kazi mupaka anaitika. Ile ka neno, sikujua kuisoma. Ndiyo maana naandika leo, kwa wazazi, kwa walimu, kwa wakubwa wa timu, na kwa ninyi vijana wenyewe.

Kugonga jiwe

Wale wenye walitumika chini ya udongo wanajua hii kazi. Mbele timu haijaanza, muzee mumoja anachukua baramini, anagonga dari ya shimo na pembeni, pole pole, anasikiliza. Jiwe nzima linalia wazi, sawa chuma. Jiwe lenye limeachana na lenzake linatoa sauti ya kufa, sawa ngoma yenye imepasuka. Lile linaangushwa mbele watu hawajapita chini yake. Ukiangalia na macho tu, mawe yote ni sawa. Inaomba kugonga, na kisha kugonga inaomba kunyamaza ili usikie.

Kijana wangu alikuwa sawa lile jiwe. Alikuwa anakuja ku kazi kila siku. Alikuwa anacheka. Siku ya Yenga alikuwa anacheza mupira. Hakuna mutu alimugonga kusikia sauti.

Kwetu hatuseme sana maneno ya waganga. Tunasema: iko na mawazo mingi. Roho yake imechoka. Kichwa inamuzunguka. Hapate usingizi. Haya ni maneno ya kweli, na inasema ugonjwa muzuri kabisa. Shida ni vile tunamalizia: «Itapita.» «Ni mwanaume, avumilie.» «Ni bangi ile.» «Ni bulozi ya watu wa baba yake.» Tunaanza na ukweli, tunamaliza na kufunga mulango.

Shirika ya Afya ya Dunia, ile tunaitaka OMS, inasema kama mu dunia yote, kati ya vijana 7 wa miaka 10 mupaka 19, mumoja iko na shida ya afya ya akili. Inasema tena kama kwa watu wa miaka 15 mupaka 29, kujiua ni moja ya sababu kubwa za kifo. Sasa chukua ile hesabu, uilete mu kelasi ya hapa kwetu, kelasi ya watoto 70, wamekaa watatu-watatu ku benchi moja. Ni watoto 10. Mwalimu, unawajua wale 10?

Alama ziko, hata kama hazipige kelele. Mutoto mwenye alikuwa anapenda mupira, ameacha. Mwenye alikuwa anakula na wenzake, anakula peke yake ao hakule. Analala muchana, usiku anatembea mu lupango. Anakasirika juu ya kitu kidogo. Analalamika kichwa, tumbo, mugongo, wanampima ku santre, hawaone kitu. Anaanza kugawa vitu vyake: simu, viatu, nguo yenye alikuwa anapenda. Anasema: «Ninyi mutabakia muzuri bila mimi.» Hii ya mwisho usiichukue kamwe kama mazungumuzo tu.

Mawazo inatoka wapi

Wengine wanasema vijana wa leo wako zaifu. Mimi siitike. Angalia kwanza uzito wenye wanabeba.

Kijana anamaliza masomo, anapata diploma ya Leta. Jamaa yote walichanga feza juu ya ile diploma, juu masomo ya primere inaitwa ya bure tangu 2019, lakini sekondari tunalipa. Sasa jamaa inangojea matunda. Anaenda kukaa ku mulango ya kampuni. Anachukuliwa jurnalie na kampuni ndogo yenye inatumikia ile kubwa. Sheria ya kazi ya 2002 iko wazi: mutu akifikisha siku 22 za kazi mu miezi miwili, na wakamuchukua tena mbele ile miezi haijaisha, kontra yake inahesabiwa kuwa ya kudumu. Sasa mutaniambia juu ya nini vijana wengi sana wanasimamishwa ku siku ya 20 ao ya 21? Wanaambiwa: «Pumuzika kwanza, tutakuita.» Kijana analala na simu ku sikio. Wiki moja, wiki mbili. Haiko mutu wa kazi, haiko shomere. Akiulizwa na baba wa muchumba wake anafanya kazi gani, hajue kujibu. Ile si mambo ya salere tu. Ile inakula mutu ndani.

Kisha kuko wale wa kariere, wachimbaji wa mikono, wale tunaitaka creuseurs. Mu 2014, pale kobalti ilionekana chini ya nyumba za Kasulo, watu walichimba mupaka mu chumba cha kulala. Mutoto mwenye alikuwa na miaka 8 ile wakati ni kijana leo. Alikomalia pembeni ya shimo. Mu mwezi wa sita wa 2019, udongo ulianguka huku Kolwezi na ukaua wachimbaji zaidi ya 30. Tulizika, tulilia, magazeti iliandika. Lakini wale wenye walikuwa pembeni, wenye walichimba na mikono kutafuta mwenzao, nani aliwauliza wanalala namna gani? Walirudia ku shimo, juu tumbo haijue kilio.

Na bei haitulie. Mu mwezi wa pili wa 2025, serikali ilisimamisha kutosha kobalti kwenda inje ya inchi, juu bei ilikuwa imeanguka sana. Kama ilikuwa muzuri ao mubaya, tutaongea siku ingine. Leo nasema tu hivi: kijana mwenye analisha wadogo wake na mufuko ya mawe, akisikia asubui ku radio neno kama ile, hakuna mutu anakuja kumweleza. Anabakia na mawazo yake.

Na mabinti? Wao tunawasahau kabisa. Wanaosha mawe, wanachagua mawe, wanauza beignets na maji pembeni ya kariere. Kule kuko mambo yenye mutoto mwanamuke anafanyiwa na hawezi kuambia hata mama yake. Mwingine anapata mimba, anaacha masomo, anafichwa ku nkambo yake ndani ya muji sawa kitu ya haya. Vijana wanaume wakichoka, wanakunywa lutuku, tunawaona. Mabinti wakichoka wananyamaza, na sisi tunasema wako na adabu.

Kitu chenye tulipoteza

Wazee wanakumbuka wakati wa Union Minière, na kisha Gécamines. Kulikuwa lopitali, masomo, foyer ya wamama, serkle ya kuchezea na kusikiliza muziki, uwanja ya mupira, posho ya unga. Sisemi ilikuwa paradiso. Kampuni ilikuwa inaamuru mupaka mu nyumba ya mutu, na mwenye hakuwa mutumikaji wa kampuni alikuwa anaangalia kupitia lupango. Lakini kijana wa Kapata ao wa Musonoi, siku ya Posho kisha saa tisa, alikuwa na fasi ya kwenda, na kule alikuwa anakuta mutu mukubwa mwenye anamujua jina.

Mu 1990 mugodi wa Kamoto ulianguka, matokeo ya shaba ikashuka mwaka kwa mwaka. Mu 2003, zaidi ya watumikaji 10 000 wa Gécamines walitoka mu ule mpango wenye uliitwa départs volontaires, na feza ya Benki ya Dunia. Watu wanaongea sana juu ya salere yenye ilipotea. Hawaongee sana juu ya serkle, juu ya monitere wa mupira, juu ya mama wa foyer. Kampuni mupya zilikuja, mashine kubwa, barabara, taa. Uwanja wa mupira mu katie mingi umekuwa depo ya mawe. Leo kijana akichoka, fasi yenye iko wazi usiku ni moja: pale wanauza lutuku.

Makosa yetu sisi wakubwa

Nitasema ukweli, na mimi ndani.

Kosa la kwanza ni matusi. «Wenzako wanaoa, wewe unalala.» Mutu mwenye roho yake imechoka, ile neno haimuamushe. Inamuambia tu kama alikuwa na haki ya kujizarau.

Kosa la pili ni kutafuta mulozi. Mutoto anaota ndoto mubaya, anakojoa ku kitanda akiwa na miaka kumi na mbili, anakataa kuongea, basi wanasema yeye njo mulozi, ao wanasema nkambo njo alimupa. Mujue kama sheria ya 2009 ya kulinda mutoto inakataza kuita mutoto mulozi, na kuko malipizi. Lakini mbele ya sheria, fikiri tu: mutoto aliye na hofu, unamupa jamaa nzima yenye inamuogopa.

Kosa la tatu ni kuacha dawa juu ya maombi. Sikataze maombi. Najua mapasta na mapadri wenye walisaidia vijana wengi, juu walijua kukaa na kusikiliza. Lakini maombi na dawa haigombane. Mutoto mwenye hapate usingizi wiki tatu, ukimufunga njaa siku saba, unamuzidishia. Na mwenye kufunga mutoto wake kamba mu chumba ya maombi, hata kama roho yake ni muzuri, anamuumiza.

Kosa la ine ni kuficha. Wazee walisema: mwenye kuficha ugonjwa, kilio itamutosha inje. Tukiwa na mutoto wa malaria, lupango yote inajua, majirani wanaleta matunda. Tukiwa na mutoto wa mawazo, tunafunga madirisha.

Benchi ya wankambo wa Harare

Nilisikia habari moja kutoka Zimbabwe, na ilinifanya nifikiri sana. Munganga mumoja wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alikuwa na mugonjwa kijana mwenye alijiua. Jamaa yake walimuambia kama alikuwa anataka kuja kumuona ku lopitali, lakini hawakuwa na feza ya bisi. Feza ya bisi! Sisi wa Kolwezi, tunajua ile. Kwa Lubumbashi kuko santre ya Joseph Guislain ya Bafrère de la Charité, yenye inachunga watu wa magonjwa ya akili. Lakini ni karibu kilometre 300. Ni jamaa ngapi ya huku iko na feza ya kwenda na kurudia, mugonjwa na mwenye kumusindikiza?

Ule munganga hakuwa na feza, hakuwa na nyumba, na waganga wenzake wa ile kazi mu inchi yote walikuwa wa kuhesabu ku vidole. Mu 2006, mu katie ya Mbare, kule Harare, alianza na wankambo 14. Wamama wazee wa katie, wenye watu wanawajua. Aliwafundisha kukaa ku benchi inje, pembeni ya dispansere, na kusikiliza. Kwa luga yao ya Kishona wanaita ule ugonjwa «kufungisisa», maana yake kuwaza kupita kipimo. Angalia: ni sawa na yetu, mawazo mingi.

Nkambo hatoe dawa na hatoe mahubiri. Anamuacha mutu aseme taabu zake zote. Kisha wanachagua moja tu, ile yenye inaweza kuanza kutatuliwa. Wanatafuta pamoja kitu kidogo cha kufanya mu ile wiki. Mutu anaenda, anajaribu, anarudia kueleza. Inaweza kuchukua mara sita. Kisha anaingia mu kundi ya wenzake wenye walipita ku benchi. Wenye elimu walitaka kujua kama inasaidia kweli. Walifuata watu zaidi ya 500, na mu 2016 gazeti kubwa ya waganga ya Marekani iliandika matokeo: kisha miezi sita, wale wa benchi walikuwa wamepata nafuu kupita wale wenye walipewa matunzo ya kawaida.

Wankambo na benchi ya mbao. Sisi tunakosa gani? Mbao?

Siku ya Ine, chini ya muembe

Tulianza watu watano: mimi, mama mumoja mwenye alikuwa enfirmiere na sasa amepumuzika, mwalimu wa sekondari, kijana mumoja wa mupira, na mama mwenye anauza unga ku soko. Benchi mbili chini ya muembe mu lupango ya yule mama enfirmiere. Kila siku ya Ine, saa kumi na moja ya mangaribi. Hakuna afishi, hakuna jina kubwa. Wiki ingine wanakuja watu wane, wiki ingine hakuna mutu, na sisi tunakaa tu. Kukaa ile siku yenye hakuna mutu, njo kazi yenyewe, juu kijana anapita mara tatu barabarani akiangalia kama kweli mutakuwa pale, mbele hajaingia.

Hatuko waganga. Mama enfirmiere alitupa sheria chache, na makosa yetu ilitufundisha zingine. Ninaziandika, mutu akitaka kuanza kwake azichukue.

Kaa pembeni yake, usikae mbele yake sawa polisi. Vijana wanaume zaidi sana, wanasema muzuri wakiwa wanaangalia kitu kingine. Mumoja wetu anaongea nao akiwa anatengeneza baiskeli.

Uliza, kisha nyamaza. «Uko namna gani?» haitoshe, juu wote wanajibu «Tuko, papa». Uliza: «Unalala masaa ngapi?» Uliza: «Ni kitu gani inakulemea kupita yote mu hii wiki?» Akinyamaza, acha. Hesabu mupaka makumi mbili mu roho. Mimi ile ilinishinda mwanzo, juu mutu wa sendika anapenda kusema.

Usimulinganishe na taabu yako. «Sisi zamani tuliteseka kupita ninyi» ni neno lenye linafunga kinywa.

Chunga siri. Mabinti wanaongea na wamama, na kama binti anasema aliumizwa na mutu, tunamusindikiza ku lopitali siku ile ile, hatungojee baraza ya jamaa. Siri inavunjwa paka kama uzima wa mutu uko mu hatari, na ile tunamuambia mbele ya kuanza.

Tafuta kitu kimoja kidogo. Kijana mumoja alikuwa na deni, alikuwa amegombana na yaya yake, alikuwa hana kazi, na alikuwa anakunywa. Wiki ya kwanza tulichagua paka yaya. Alienda kumusalimia, hawakuongea mambo mingi, walikula bukari pamoja. Wiki yenye ilifuata, yeye mwenyewe alileta ile mambo ya kunywa.

Na hii ya mwisho ilinitia woga sana: uliza juu ya kifo, na maneno ya wazi. «Unafikiri kujiua?» Nilikuwa naamini kama ukiuliza, unamupa wazo. Mama enfirmiere alinikatalia, na waganga wote wanasema vile: kuuliza haimupe mutu lile wazo, inamufungulia mulango. Kama anajibu ndiyo, usimuache peke yake, hata saa moja. Ita mutu mwenye anamupenda. Muondoe mbali vitu vyenye anaweza kujiumiza navyo. Mumusindikize ku lopitali ao ku santre ya afya, usimutume peke yake. Kesho uende tena kumuona.

Hatuponeshe watu wote. Kuko kijana mumoja alianza kusikia sauti za watu wenye hawako. Ile si kazi ya benchi, ile ni kazi ya munganga. Kazi yetu ilikuwa kueleza jamaa yake kama ni ugonjwa wenye uko na dawa, na kuchanga feza ya bisi ya watu wawili.

Feza iko

Munajua nitamaliza na hii, juu mimi ni wa sendika.

Sheria ya migodi ya 2018 inasema kama mu ile redevance yenye kampuni zinalipa, sehemu 15 kwa mia ni ya komine, sekta na cheferi zenye mugodi uko ndani yake. Inasema tena kama kampuni inapashwa kutosha hata kidogo 0,3 kwa mia ya mapato ya mauzo yake kila mwaka juu ya maendeleo ya watu wenye wanaikala pembeni. Na kuko kaye ya sharti, cahier des charges, yenye inaandikwa pamoja na wakaaji. Wakaaji, ni sisi.

Nilishafika ku ile mikutano. Tunaomba barabara, tunaomba pompi ya maji, tunaomba vyumba vya masomo. Ni muzuri, tuendelee. Lakini sijawahi kusikia mutu mumoja anasimama na kusema: andika pale enfirmie mumoja wa afya ya akili ku santre ya katie yetu, na dawa zake, na feza ya safari ya wale wenye wanapashwa kwenda Lubumbashi. Andika uwanja wa mupira na monitere mwenye analipwa. Mara yenye inakuja, nitasimama mimi. Ninyi wa Kasulo, wa Luilu, wa Kapata, wa Likasi na Kipushi, musimame kwenu.

Na ninyi wakubwa wa kazi: kijana mwenye amekosa siku mbili, mbele ya kuandika barua ya kumufukuza, mumuite, mumuulize. Na ile mambo ya kusimamisha watu ku siku ya 21, sendika haitanyamaza juu yake. Kontra ya kweli haiko dawa ya yote, lakini kuko vijana wenye wangelala usingizi muzuri wiki hii kama wangeipata.

Vijana, na ninyi nawaambia neno moja. Kama mukubwa wa kwanza hakukusikiliza, tafuta wa pili. Mimi nilikuwa wa kwanza wa mwenzenu, na nilikosa. Haikuwa juu yeye hakuwa na maana. Ilikuwa juu nilikuwa na haraka. Ambia mwalimu, ambia tantine, ambia rafiki. Sema hata vibaya, hata nusu.

Na sisi wakubwa: mutoto wa huku hatakuja kusema «papa, niko mugonjwa wa akili». Atasema iko na ka neno. Atakuja na karatasi ya malipo, ao na viatu vyenye vimepasuka, ao na swali ya bure. Simama. Kaa chini. Reunio itangojea.

Ile masaa ine ya nyongeza ya kijana wangu, nilibishana, na ilikuja kulipwa yote. Alinishukuru. Lakini hakukuwa amekuja juu ya ile.